Picha ya radi: kutoka Philadelphia mwaka 1882 hadi mawingu ya Ankoro

ANKORO, jimbo la Tanganyika – Picha nyingi za radi zinazotumwa kwenye telefone zinatoka jangwani. Anga ni kubwa, hakuna miti ya kuziba macho, na wingu la mvua linaonekana kutoka mbali sana. Mara nyingi mvua yenyewe inakauka hewani kabla haijagusa mchanga. Mpiga picha anaweza kusimama mahali pakavu, kilometa nyingi kutoka kwenye dhoruba, kamera juu ya miguu mitatu, akingoja. Ndiyo maana majangwa ya Arizona, huko Marekani, yamekuwa shule ya wapiga picha wa radi.

Ankoro hakuna jangwa. Hapa mto Luvua unaingia ndani ya Lualaba, na tangu Oktoba hadi karibu mwezi wa tano mvua inakuja na giza lake, upepo wake na ngurumo yake. Mwenye telefone anakimbia kuificha isilowe. Kwa hiyo watu wakitazama zile picha za jangwani wanaweza kufikiri kwamba nyumba ya radi iko kule. Hapana. Afrika ndilo bara lenye sehemu nyingi zaidi zinazopigwa sana na radi, na mashariki ya Kongo ndipo penye kilele chake. Jambo hilo lilijulikana kwa uhakika kwa sababu ya picha, na historia ya picha hizo inamhusu kila anayelala chini ya manyasi au shitingi wakati wa mvua.

Wakati radi ilichorwa kwa mkono

Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kutazama radi kwa utulivu. Inamulika, inazimika, na jicho linabaki na kivuli tu. Wachoraji wa Ulaya waliichora kama mshale uliovunjwa-vunjwa, wenye pembe kali kama meno ya msumeno. Mpaka leo alama hiyo ya hatari inawekwa kwenye nguzo za umeme na kwenye kabini za SNEL.

Mwaka 1752, katika mji wa Philadelphia, Benjamin Franklin alirusha tiara kwenye wingu la dhoruba akaonyesha kwamba radi ni umeme, wa aina ileile inayotoa cheche ndogo mtu anaposugua kitambaa kikavu. Mwaka uliofuata, 1753, mtaalamu Georg Richmann aliuawa na radi huko Saint Petersburg, Urusi, akifanya majaribio ya namna hiyo. Kazi ya kuchunguza radi ilianza na marehemu. Franklin ndiye pia aliyetoa wazo la fimbo ya chuma juu ya jengo, iliyofungwa waya unaoshuka mpaka ndani ya udongo. Watu waliosoma shule za misioni wanaijua kwa jina la paratoneri.

Lakini bado hakuna aliyekuwa na picha. Ilibidi kungoja mabamba ya kioo yenye dawa kali ya kutosha kunasa mwanga wa kitambo kidogo. Katika mji uleule wa Philadelphia, mpiga picha William Jennings alijaribu mara nyingi akakosa. Tarehe 2 Septemba 1882 akapata. Picha yake ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa kati ya picha za kwanza kabisa za radi.

Picha zake zilionyesha jambo ambalo wachoraji hawakulijua. Radi haina pembe kali za msumeno. Inapinda-pinda na kugawanyika matawi, kama mizizi ya mti iliyong'olewa, au kama Lualaba unavyosambaa mikono mingi katika mabwawa ya Upemba ukitazamwa kutoka juu. Tangu siku hiyo mabishano juu ya umbo la radi yalikuwa na ushahidi ambao mtu yeyote angeweza kuuweka mezani.

Kamera iliyozunguka, Johannesburg

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: radi inatoka juu kuja chini, au inatoka chini kwenda juu? Kwa jicho ni kitu kimoja tu, inawaka yote pamoja. Mwingereza Charles Vernon Boys, mwaka 1900, alitengeneza kamera ya ajabu. Ilikuwa na vioo viwili vya kupigia picha vinavyozunguka haraka sana, kila kimoja kikienda upande wake. Kitu kinachowaka kwa wakati mmoja kingeonekana sawa katika picha zote mbili. Kitu kinachotembea kingeonekana kimelala upande mmoja katika picha ya kwanza, na upande mwingine katika ya pili. Ukilinganisha picha hizo mbili unajua nini kilitangulia na nini kilifuata, na kwa kasi gani.

Boys alibeba kamera yake miaka zaidi ya 25 bila kupata radi nzuri. Uingereza haina dhoruba nyingi. Kazi ilikamilika Afrika. Basil Schonland, mzaliwa wa Grahamstown, Afrika Kusini, pamoja na wenzake, alitumia kamera za namna hiyo huko Johannesburg katika miaka ya 1930. Uwanda wa juu wa Johannesburg unapata dhoruba nyingi wakati wa kiangazi cha kule, na wao walikaa usiku wakizungusha vioo.

Walichokiona ndicho kinachofundishwa mpaka leo. Kwanza mtangulizi hafifu anashuka kutoka kwenye wingu, jicho halimwoni. Hashuki moja kwa moja. Anaruka hatua ya makumi ya metres, anasimama kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, anaruka tena, kama mtu anayetafuta njia gizani kwa fimbo. Anapokaribia udongo, cheche inapanda kumpokea kutoka kwenye kitu kilicho karibu: mti, nguzo, kilele cha paa, au mtu aliyesimama peke yake shambani. Wakikutana, njia imefunguka, na hapo ndipo mwanga mkubwa unapanda kuelekea juu kwa kasi ya karibu theluthi ya kasi ya mwanga wenyewe. Joto ndani ya njia hiyo linafika nyuzi karibu 30,000, mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa inapasuka kwa joto hilo, na mpasuko huo ndio ngurumo.

Kamera ilionyesha pia kwamba radi moja mara nyingi ni mapigo matatu, manne au zaidi yanayofuatana katika njia ileile. Ndiyo sababu inaonekana kutetemeka. Na ule msemo kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili, picha za Johannesburg ziliufuta.

Neno la kushika hapa ni moja: mtangulizi anatafuta njia. Hachagui jina. Anachagua kilicho karibu naye.

Kuhesabu kwa masikio

Wakati Schonland akipiga picha kusini, sehemu nyingine za Afrika zilikuwa zinahesabu radi kwa masikio. Kwenye vituo vya hali ya hewa vya wakoloni, mfanyakazi aliandika kila siku: leo ngurumo imesikika, au haikusikika. Siku yenye ngurumo moja na siku yenye ngurumo mia moja zilipata alama moja. Kwa njia hiyo Tororo, mashariki mwa Uganda, ulijulikana duniani kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka katika kipindi cha 1967 hadi 1976. Kamembe, ng'ambo ya Bukavu upande wa Rwanda, nao uliingia katika orodha hizo.

Kwa hesabu hizo za masikio, Mwingereza Charles Brooks alikadiria mwaka 1925 kwamba dunia nzima inapigwa na radi 100 kila sekunde. Hesabu hiyo ilikaa katika vitabu vya shule miaka mingi. Ilikuwa kubwa mno, zaidi ya mara mbili ya ukweli, na ilichukua miaka 70 kuisahihisha kwa kamera.

Upungufu wa masikio ulikuwa mkubwa zaidi Kongo. Ngurumo haisikiki vizuri zaidi ya kilometa 15 au 20, na vituo vilikuwa vichache, vimekaa kwenye miji, njia za reli, bandari na mashamba ya utafiti. Katikati ya kituo na kituo kulikuwa msitu, milima na vijiji ambavyo ngurumo zake hazikuandikwa na mtu yeyote. Baada ya uhuru, vita na kukosa mishahara vilifunga vituo vingi. Nchi yenye radi nyingi sana ikawa na hesabu chache sana.

Kamera juu ya Kongo

Mwaka 1995 Wamarekani walirusha setelaiti ndogo yenye kamera ya radi. Tarehe 28 Novemba 1997 ikafuata setelaiti kubwa zaidi, TRMM, kazi ya Marekani na Japani kwa pamoja, iliyorushwa kutoka Tanegashima, Japani. Ndani yake kulikuwa na kamera iliyopiga picha karibu 500 kila sekunde. Haikutafuta matawi mazuri ya radi. Ilitafuta kitu kimoja: mwanga wa rangi fulani nyekundu ambao hewa ya oksijeni inautoa inapochomwa na radi. Kwa kuchagua rangi hiyo moja tu, iliweza kuona radi hata mchana, wakati wingu linang'aa kwa jua. Kila ilipopita juu ya kijiji ilikitazama kwa muda wa dakika moja na nusu hivi, ikaenda zake. Lakini ilirudi, na kurudi, kwa miaka 17, mpaka mwaka 2015.

Hesabu ya kwanza ya kamera hizo iliushangaza ulimwengu. Radi za dunia nzima si 100 kwa sekunde. Ni karibu 44. Na sehemu iliyowaka zaidi kwenye ramani ilikuwa Kongo. Ramani za mwanzo zilitaja kijiji cha Kifuka, katika milima ya mashariki, kwa radi 158 katika kila kilometa ya mraba kwa mwaka.

Mwaka 2016 wataalamu walitoa hesabu mpya, yenye macho makali zaidi, iliyojumlisha miaka 16 ya picha. Nafasi ya kwanza duniani ilikwenda ziwa Maracaibo, nchini Venezuela, kwa radi karibu 233 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Ya pili duniani, na ya kwanza Afrika, ni Kabare, Kivu ya Kusini: 205. Ya tatu ni Kampene, jimbo la Maniema, karibu 177. Katika kumi za kwanza kuna pia Sake, Butembo na Boende. Yaani nchi moja, Kongo, ilichukua nafasi tano kati ya kumi. Hakuna jangwa hata moja katika orodha hiyo ya kumi.

Sababu zake zinaeleweka. Radi inazaliwa ndani ya wingu refu ambalo kichwa chake kimefika kwenye baridi kali. Huko juu, hata juu ya Kongo yenye joto, maji yanaganda. Chembe nyepesi za barafu zinagongana na punje nzito za mvua ya mawe, umeme unagawanyika: chembe nyepesi zinapanda na umeme wa aina moja, punje nzito zinabaki chini na wa aina nyingine. Tofauti ikizidi, inapasuka. Ili wingu lifike urefu huo linahitaji joto, unyevu na kitu cha kulisukuma juu. Kongo ina vyote vitatu: jua la ikweta, unyevu wa msitu na wa bahari ya Atlantiki, na ukuta wa milima inayofuata Bonde la Ufa. Maziwa makubwa yanaongeza neno lao. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, na dhoruba zinainuka juu ya milima. Usiku nchi inapoa haraka, ziwa linabaki na joto lake, upepo unatoka pande zote kwenda katikati ya maji, na dhoruba zinainuka pale. Kwenye ziwa Victoria jambo hili limechunguzwa kwa undani, na ndilo linalowatisha wavuvi wa usiku.

Ankoro si Kabare. Uko chini, katika bonde la Lualaba, mbali na milima mirefu ya Kivu, na kwa miezi ya kiangazi wingu linaondoka kabisa. Lakini uko ndani ya nchi ileile ya radi, na una mambo mawili yanayozidisha hatari: mito miwili mipana ambayo watu wanaivuka kwa mitumbwi na balenieri, na uwanda ulio wazi ambapo mkulima anaweza kuwa ndiye kitu kirefu kuliko vyote katika shamba lake.

Picha na shutuma

Mwezi wa Oktoba 1998, katika Kasai, timu ya mpira ya Bena Tshadi ilikuwa inacheza na timu nyingine. Gazeti L'Avenir la Kinshasa liliandika kwamba radi ilipiga uwanja, wachezaji wote 11 wa timu moja wakafa, na wa timu nyingine wakabaki wazima. Magoli yalikuwa moja kwa moja. Habari hiyo ilisomwa duniani kote, na karibu kila aliyeisimulia aliisimulia kama habari ya uchawi kwenye mpira.

Hakuna haja ya kuwacheka waliofikiri hivyo. Kifo cha radi kinaumiza akili kwa namna yake. Hakina ugonjwa wa kutangulia, kinachukua mmoja na kumwacha aliyekaa naye, na kinakuja na sauti kama ya hasira. Katika vijiji vingi vya Kongo, na vya Uganda, Rwanda na Tanzania pia, watu wanazungumza juu ya radi ya kutumwa, ile inayonunuliwa na mwenye kisasi. Msiba ukitokea, familia haiulizi tu nini kimetokea. Inauliza nani. Na mara nyingi jibu linamwangukia aliye dhaifu: mwanamke mzee asiye na watoto wa kumtetea, mtoto yatima, mgeni, au familia iliyofika juzi ikikimbia vita.

Hapa ndipo kazi ya wale wapiga picha inapokuwa na uzito. Kamera ya Johannesburg ilionyesha mtangulizi akitafuta kitu kilicho karibu. Kamera ya setelaiti ilionyesha kwamba radi inafuata milima, maji, joto na majira, mwaka baada ya mwaka, mahali palepale. Kabare haipigwi radi 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa sababu ina wachawi wengi kuliko Kinshasa. Inapigwa kwa sababu ya mahali ilipokaa.

Na swali la kwa nini mmoja anakufa na mwingine anapona lina jibu pia. Radi ikipiga udongo, umeme unasambaa chini ya miguu kama mawimbi ya jiwe lililotupwa majini. Aliye karibu na pigo, au aliyetanua miguu, anaupokea kwa nguvu: unapanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele iko mbali na ya nyuma, anakufa kirahisi kuliko mtu, na ndiyo maana kundi zima linaweza kulala chini ya mti mmoja. Walio mita chache pembeni wanaweza kubaki salama. Tofauti ni hatua, na hatua haina ubaya wa moyo.

Chini ya shitingi

Historia ya Ankoro haiwezi kusemwa bila vita. Novemba 2002, mapigano kati ya jeshi la serikali na Mai-Mai yaliua raia wengi na kuteketeza maelfu ya nyumba za mji huu. Novemba ni mwezi wa mvua. Baadaye, hasa tangu 2016, vita kati ya Waluba na Watwa vilisukuma mamia ya maelfu ya watu wa jimbo la Tanganyika kutoka vijiji vyao, toka Manono, Nyunzu, Kabalo na mahali pengine. Wengi walijenga vibanda vya manyasi na shitingi katika kambi za pembeni ya Kalemie, kama vile Katanika na Kalunga.

Kibanda cha namna hiyo kinazuia mvua kidogo, lakini hakizuii radi hata kidogo. Hakina waya wa kuupeleka umeme ndani ya udongo. Sakafu ni udongo wenyewe, na mvua ikiingia unakuwa mbichi. Watu wamebanana, hivyo pigo moja linafika kwa wengi. Kama kambi imejengwa juu ya kilima kisicho na miti, vibanda ndivyo vinakuwa virefu.

Yaliyotokea jirani yanatosha kuonya. Tarehe 28 Juni 2011, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, ikaua wanafunzi 18 ndani ya darasa. Tarehe 10 Machi 2018, katika wilaya ya Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, iliua watu 16 kanisani. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda, iliua 14, wengi wao watoto na vijana, na kujeruhi 34, waliokuwa wamekusanyika kwa ibada. Mahali pote patatu watu walikuwa chini ya paa. Walidhani wamejificha.

Runyanya ilipata baadaye mfumo wa kukinga radi, kwa kazi ya shirika la ACLENet lenye makao Kampala. Mfumo huo ni chuma, waya mnene na shimo la udongo lililochimbwa vizuri. Wazo ni lilelile la Franklin. Mabati peke yake hayatoshi kama hayana waya wa kushuka. Kwa shule na makanisa ya Ankoro, na kwa kambi za Kalemie, swali la kuuliza viongozi na mashirika yanayojenga ni hilo: paa limekuja, je, waya wa kushuka uko wapi?

Kwa anayetaka kupiga picha, na kwa asiyetaka

Vijana wengi sasa wana telefone yenye kamera, na hamu ya kunasa radi ya Lualaba ni halali. Mpiga picha wa jangwani anafanikiwa kwa sababu yuko mbali na dhoruba. Anafungua kamera gizani kwa sekunde kadhaa, anaacha radi ijichore yenyewe. Mwenye telefone anaweza kupiga video, kisha kuchagua picha moja ndani yake. Lakini sheria ya umbali haibadiliki. Radi inaweza kupiga kilometa 10 kutoka mahali ambapo mvua inanyesha, chini ya anga linaloonekana jeupe.

Namna ya kupima umbali ni hesabu isiyohitaji mashine. Mwanga unafika papo hapo, sauti inachukua karibu sekunde tatu kwa kila kilometa. Ukiona mwanga, anza kuhesabu. Ngurumo ikifika kabla ya 30, dhoruba iko ndani ya kilometa 10 na hatari imeshafika. Picha inapaswa kuachwa. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Aliye mtoni afike ukingoni mapema, wingu likiwa bado mbali. Aliye shambani aache jembe na aondoke chini ya mti uliosimama peke yake. Jengo kubwa lenye kuta imara na waya wa kukinga ni bora. Gari lililofungwa lenye paa la chuma ni bora pia. Pasipo na kimojawapo, watu wasikusanyike mahali pamoja, wasiegemee nguzo wala ukuta wa mabati, wakae na miguu yao pamoja, na wawe mbali na mlingoti wa antena.

Na jambo moja linaokoa maisha kuliko yote: aliyepigwa na radi hana umeme tena mwilini. Kumgusa si hatari. Mara nyingi kinachomuua ni moyo na pumzi kusimama, na kukandamiza kifua mara moja na kumpulizia pumzi kunaweza kumrudisha. Sehemu nyingi watu wanarudi nyuma, wanangoja mganga au sherehe ya kutakasa, na dakika zinapita.

Tangu Desemba 2022 kuna setelaiti mpya ya Ulaya, Meteosat, iliyosimama kilometa 36,000 juu ya ikweta. Ina kamera ya radi inayotazama Ulaya na Afrika, na haipiti kama TRMM ilivyopita. Inatazama mchana na usiku, ikipiga picha 1,000 kwa sekunde. Radi yenye nguvu ikiwaka juu ya Lualaba usiku huu, mwanga wake unaweza kunaswa. Mpaka onyo litoke kwenye kamera hiyo, lipite katika ofisi ya METTELSAT huko Kinshasa, lifike kwenye redio ya kijiji kwa lugha ambayo mvuvi anaisikia, bado kuna kazi. Wingu la jioni halingoji kazi hiyo iishe. Likianza kunguruma upande wa Luvua, mwenye mtumbwi ahesabu: moja, mbili, tatu.